Glasi Ndefu ya Tekila kwa Soda ya Mabungo: Namna ya Kuitengeneza Ukiwa Unguja au Pemba

Mwezi wa kwanza nilipopanga chumba Jambiani, mama mwenye nyumba alinikuta jikoni nimeshajaza mabungo kwenye blenda. Aliizima yeye mwenyewe.

"Mwanangu, bungo halisagwi," akaniambia. "Mbegu ikishapasuka, uchungu wake hautoki hata utie kilo ya sukari. Nipe mwiko."

Tukakaa uani, yeye kwenye kigoda, beseni katikati yetu. Akamimina maji ya vuguvugu juu ya zile mbegu, akaziacha zilowe, kisha akaanza kuzisugua kwa mgongo wa mwiko, taratibu, mpaka ile nyama ya rangi ya machungwa ikaachia na mbegu zikabaki zinateleza tupu. Alipochuja akanipa kikombe. Juisi ya mabungo nilikuwa nimeinywa mara nyingi mjini, lakini ile ilikuwa na harufu inayofika puani kabla kikombe hakijafika mdomoni, na ukali unaouma pembeni mwa ulimi kisha ukaondoka. Nilijua hapohapo kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta kazini.

Kazi yangu ni kaunta ya baa, katika hoteli za pwani ya mashariki. Wageni wanaagiza tekila, na kwa muda mrefu tuliwamiminia juu yake soda ya chupa, tamu mno, ambayo ladha yake ni ileile ukiwa Unguja au popote pengine duniani. Kinywaji wanachokiita haiboli si kitu kigumu kukieleza: kipimo kimoja cha pombe kali, vipimo vitatu hivi vya kinywaji chenye gesi, barafu tele, glasi ndefu. Ukiihesabu vizuri, sehemu kubwa ya glasi ni soda. Kwa hiyo soda ndiyo kinywaji chenyewe, na tekila ni mgeni anayekaribishwa kwenye nyumba iliyokwisha pangwa. Soda ikiwa nzuri kiasi cha kunyweka peke yake, kazi imebaki ndogo sana. Na kwa sisi tunaoishi hapa kuna jambo kubwa zaidi: glasi ileile, bila tekila, inakwenda kwa jirani, kwa watoto na kwenye meza ya futari, na hakuna anayejiona amepewa kinywaji cha daraja la pili.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya soda. Tekila itakuja baadaye.

Mabungo

Mbungo ni mmea unaotambaa na kupanda juu ya miti mingine. Tunda lake ni la mviringo, ukubwa wa chungwa au kuzidi, ganda gumu. Likiwa bichi ni kijani, na ukilikata linatoa utomvu mweupe unaonata vidoleni. Likiiva linageuka rangi ya machungwa, na ndani yake utakuta mbegu zimeshikana, kila moja imevikwa nyama yenye nyuzi.

Ukienda soko la Darajani au la Mwanakwerekwe msimu wake ukifika, utayakuta yamepangwa kwa mafungu. Usiyachague kwa macho. Linuse bungo pale kwenye kikonyo. Lisiponukia, liache, halitakupa kitu hata ulisugue mpaka usiku. Likibonyea kidogo chini ya kidole gumba, ni sawa. Likitoa maji na harufu yake inakuchoma puani, limeshaanza kuchacha. Kwa lita moja ya shira nitakayoieleza, nunua mabungo makubwa 8, na la tisa kwa ajili ya wewe kula ukiwa njiani, na chumvi na pilipili.

Wakati mabungo hayapo, tumia pasheni 15, au ukwaju robo kilo uliolowekwa na kukamuliwa. Yote mawili yana ukali unaotakiwa na yanachujika vizuri. Embe sikushauri. Harufu yake ni tamu kweli, lakini juisi yake ni nzito, na uzito huo unaua gesi. Nanasi nalo linatoa povu jingi: ukimimina soda juu yake glasi inafurika kabla haijajaa.

Hili la gesi nalieleza hapa kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Gesi iliyomo kwenye soda inatafuta mahali pa kushika ili itoke. Kila kiuzi cha tunda, kila chembe ya nyama inayoelea, ni mahali pa kushika. Juisi yenye makapi ikikutana na soda utaona povu kubwa, la kupendeza, kwa sekunde kumi. Baada ya hapo umebaki na juisi iliyopoa. Kwa hiyo chuja, na ukishachuja, chuja tena.

Kutoa juisi

Pasua mabungo, toa mbegu zote na nyama yake utie kwenye beseni. Mimina juu yake maji ya vuguvugu nusu lita. Yasiwe ya moto. Mkono wako ukiingia ndani usisikie kitu, ndiyo joto lenyewe. Acha dakika 30. Halafu sugua kwa mwiko wa mti, au kwa mkono uliooshwa vizuri, bila kutwanga. Utajua imetosha mbegu zikianza kugongana na kuteleza.

Chuja mara ya kwanza kwa kichungio cha tui, ukiminya. Mara ya pili chuja kwa kitambaa cha melimeli kilicholoweshwa maji na kukamuliwa, na safari hii usiminye. Kitundike juu ya sufuria, nenda kafanye mengine. Ukiminya, makapi madogo yanapita na kazi yote ya kuchuja inakuwa bure. Itachukua saa moja, pengine zaidi. Mwisho utapata nusu lita hivi ya juisi ya rangi ya dhahabu, inayopitisha mwanga ukiinyanyua dirishani. Itie kwenye friji.

Juisi hii haipikwi. Niliwahi kuichemsha pamoja na sukari nikidhani nitaihifadhi kwa muda mrefu, nikapata kitu kinachofanana na jamu, kitamu, lakini ile harufu ya bungo ilikuwa imekwenda na mvuke.

Shira ya majani

Kinachopikwa ni shira, na humo ndimo majani na viungo vinapoingia. Unahitaji sukari nusu kilo, maji robo lita, mabua 4 ya mchaichai, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, karafuu 2, na konzi moja ya majani ya mrehani yaliyochumwa siku hiyo. Weka na ndimu 2 pembeni.

Mchaichai unatumika sehemu ya chini, ile nyeupe na nene. Iponde kwa mchi mpaka ipasuke, usiikatekate. Majani ya juu yafunge fundo uyatie pia. Tangawizi iparuze ganda na uikate vipande vyembamba. Tia sukari, maji, mchaichai, tangawizi na karafuu kwenye sufuria, weka moto wa wastani, koroga mpaka sukari iyeyuke. Ikianza tu kuchemka, hesabu dakika 3, ipua, funika.

Karafuu ni 2. Najua zinapatikana kwa wingi, na ndugu zangu wa Pemba, ambako karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka, watasema 2 ni uchoyo. Lakini karafuu ya tatu inaanza kutawala, na ya tano inakufanya ufikirie dawa ya meno. Zimewekwa kwa ajili ya mrehani. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kitu kiitwacho yujenoli, na mrehani nao unacho ndani ya majani yake. Karafuu inausukuma mrehani kwa nyuma, usikike kwa muda mrefu zaidi. Vivyo hivyo harufu ya mchaichai inatokana na kitu kiitwacho sitrali, ambacho kimo pia kwenye maganda ya limau. Ndiyo maana vitu hivi vinapatana bila kugombana: ni watu wa ukoo mmoja wanaokaa nyumba tofauti.

Acha sufuria imefunikwa dakika 20. Gusa pembeni, ikiwa unaweza kuweka kiganja bila kukiondoa, basi shira imepoa kiasi cha kupokea mrehani. Piga majani kwa viganja viwili mara moja, upate sauti, uyatupie ndani na kufunika tena. Dakika 10, si zaidi. Ukiyatia shira ikiwa bado ya moto yanakuwa meusi na ladha inafanana na mchicha. Ukiyasahau humo usiku kucha, inatoka ladha ya nyasi. Mimi naweka saa ya simu, kwa sababu dakika 10 za jikoni hazijulikani zinakokwenda.

Chuja shira, iache ipoe kabisa, kisha changanya na ile nusu lita ya juisi ya mabungo. Kamulia ndimu 2. Tia chumvi, kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili. Onja: iwe tamu kuzidi unavyotaka na kali kuzidi unavyotaka, kwa sababu bado itakutana na maji na barafu. Utakuwa na lita moja hivi ya shira ya mabungo. Kwenye chupa safi ndani ya friji inakaa siku 5 bila kubadilika. Inayobaki igandishe kwenye trei za barafu. Kete moja inatosha glasi moja.

Gesi

Hapa kuna njia mbili, na lazima uchague ukijua unachochagua.

Njia ya kwanza, ndiyo ninayoitumia siku zote, ni kununua maji ya gesi, ile soda wota ya kawaida, na kuchanganya na shira ndani ya glasi. Siri yake ni ubaridi. Maji ya nyuzi 4 yanashika gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 25. Chupa ikitoka dukani ikiwa na joto la mchana wa Februari, ukiifungua nusu ya gesi imeshapotea hewani kabla hujaimimina. Ilaze kwenye friji tangu jana yake. Nunua chupa ndogondogo, maana chupa kubwa ukiifungua glasi ya nne tayari imelala. Ukiwa na mashine ya kutia gesi nyumbani, itie gesi kwenye maji matupu tu. Usijaribu kutia gesi juisi ndani ya mashine. Itafurika na kuziba.

Njia ya pili ni ya wazee, ya kuiachia hamira ifanye kazi. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, tia shira mililita 250, maji safi lita moja, na hamira ya mkate kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, kidogo sana. Funga kifuniko, tikisa, weka kivulini. Kwa joto letu, saa 12 mpaka 24 zinatosha. Bonyeza chupa kila baada ya saa chache. Ikishakuwa ngumu kama chupa ya soda isiyofunguliwa, ipeleke kwenye friji ikae siku nzima, kisha ifungue polepole sana, juu ya sinki. Ladha yake ni nzuri, ina ugumu fulani wa mkate kwa mbali, na gesi yake ni laini kuliko ya dukani.

Lakini hamira inapotengeneza gesi inatengeneza na pombe. Ni kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 1 ukiiwahi, ila ipo. Soda ya namna hii usimpe mtu asiyekunywa pombe bila kumwambia ilivyotengenezwa. Mwambie, aamue mwenyewe. Mama mwenye nyumba wangu nilimweleza siku ya kwanza, akarudisha glasi mezani bila neno, akaniuliza kama ile nyingine ipo. Tangu hapo nyumbani kwake natengeneza ya soda wota tu.

Na njia hii haitumii chupa ya kioo, hata iwe nene namna gani. Mwaka wangu wa pili hapa nilijaza chupa tatu za kioo, nikaziweka juu ya kabati na kulala. Usiku wa manane moja ikapasuka. Asubuhi nilikuta kipande cha kioo kimejikita kwenye ubao wa mlango, kimo cha uso wa mtu. Chupa nyingine mbili nilizifunika gunia lililoloweshwa, nikangoja zipoe, mikono inatetemeka. Plastiki inakuonya kwa kuvimba, kioo kinapasuka bila kukuambia.

Barafu

Barafu ndogo zilizotobolewa katikati zinayeyuka haraka na kuifanya soda kuwa maji. Gandisha maji yaliyochemshwa au ya chupa kwenye makopo ya plastiki ya siagi, kisha vunja vipande vikubwa kwa mgongo wa kisu kizito, ndani ya kitambaa. Ukinunua barafu mtaani, uliza ni ya nini. Barafu ya samaki si ya kunywa, na hata ikiwa imetengenezwa kwa maji mazuri, imelala pamoja na samaki.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Panga glasi chache, umalize siku hiyo.

Tekila

Mimi nimekulia upande wa Tanga, kwenye mkonge, na nilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya shamba la tekila nilidhani ni nyumbani. Mistari ileile, majani yaleyale yaliyosimama kama mikuki. Kumbe ni ndugu kweli. Mkonge na mmea wa tekila ni wa jamii moja, agave, na asili ya zote mbili ni Meksiko. Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Katika vipando 1,000 vilivyosafirishwa, 62 tu ndivyo vilivyofika hai, na kutokana na hivyo yakaota mashamba yote ya Tanga, Korogwe na Muheza. Mmea wa tekila wenyewe ni agave ya buluu, inayolimwa hasa jimbo la Jalisco, ambako ndiko uliko mji wa Tequila. Unakaa shambani miaka 6 hadi 8, pengine zaidi, kisha majani yanakatwa na kubaki kitovu kikubwa wanachokiita piña, yaani nanasi, kwa sababu kinafanana nalo. Kinaokwa mpaka kiive na kutoa sukari, kinakamuliwa, kinachachushwa, na kukenekwa.

Naliandika hili kwa sababu wapo vijana walioniuliza kama mkonge wetu unaweza kutoa tekila. Usijaribu nyumbani. Utomvu wa mkonge mbichi unawasha ngozi vibaya, aliyewahi kukata majani bila kujifunika mikono anajua, na kukeneka pombe jikoni kunaua watu.

Unaponunua chupa, soma lebo. Tafuta maneno "100% agave". Yasipokuwepo, ujue sheria yao inaruhusu mpaka asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa itoke kwenye kitu kingine, na mara nyingi ladha yake inakwaruza koo. Kwa kinywaji hiki chukua tekila nyeupe, ile ambayo haikulazwa kwenye pipa. Ina harufu ya majani mabichi na pilipili manga kidogo, na ndiyo inayosalimiana na mrehani. Iliyolazwa miezi au miaka kwenye mbao ni nzuri kuinywa peke yake. Ndani ya mabungo unaipoteza, na pesa yako pia.

Kupanga glasi

Weka glasi ndefu, ya mililita 300 hivi, kwenye jokofu la kugandishia robo saa. Ukipenda, paka ndimu ukingoni nusu ya mzunguko tu, uiguse kwenye kisahani cha chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Wageni wanadhani hili limetoka Meksiko, ambako kweli wanakula embe kwa ndimu, chumvi na pilipili. Nawaambia wakasimame nje ya skuli yoyote hapa saa ya mapumziko waone watoto wanakula nini.

Jaza glasi barafu mpaka juu kabisa. Watu wanaogopa barafu nyingi wakidhani inaongeza maji, na ni kinyume chake: barafu nyingi inapoza haraka na inayeyuka polepole. Izungushe kwa kijiko kirefu mara kadhaa, kisha mwaga maji yaliyojitokeza chini.

Mimina tekila mililita 40, yaani toti moja na nusu hivi. Kisha shira ya mabungo mililita 30, na ndimu iliyokamuliwa sasa hivi mililita 10. Koroga vizuri hapa, mizunguko 10 au 12, maana hapa bado hakuna gesi ya kupoteza. Wengi wanaanza na soda kisha wanahangaika kukoroga, na kila mzunguko unatoa gesi.

Sasa fungua soda wota. Inamishe glasi kidogo na kumimina mililita 120 kwa upande wa ndani wa kioo, isipige juu ya barafu. Utaisikia: sauti nyembamba, ya mfululizo, kama mvua ya mbali juu ya makuti. Ikipiga kelele na kutoa povu jeupe, ama umemimina kwa haraka ama juisi yako ina makapi. Ingiza kijiko mpaka chini, kinyanyue mara moja, basi.

Chukua kitawi cha mrehani, kiweke kiganjani, kipige kwa kiganja kingine na ukisimamishe karibu na ukingo, pale pua inapofika mtu akinywa. Bua jembamba la mchaichai lisimame pembeni badala ya mrija.

Glasi hii ina nguvu ya asilimia 8 hivi kabla barafu haijayeyuka. Bia ya kawaida ni 5. Bungo linaficha pombe vizuri sana, na mwenye kiu ya jua la mchana anaimaliza kwa dakika tano. Kwa hiyo kila glasi iende na glasi ya maji, na anayeendesha pikipiki kurudi kwake asipewe. Pombe hapa ina mahali pake, ndani ya baa na hoteli zenye kibali, na glasi hii haitembei kijijini wala haikai barazani kwa watu. Tunaishi kwa watu.

Bila tekila

Usitoe tekila tu ukaacha nafasi yake tupu. Tekila inaleta ule mkwaruzo mdogo kooni, na kitu kingine lazima kiulete. Chemsha mabua 3 ya mchaichai kwenye vikombe 2 vya maji, yakolee mpaka yawe chai nzito isiyo na sukari, poza kwenye friji. Paruza tangawizi, kamua maji yake kwa kitambaa.

Kwenye glasi iliyojaa barafu tia shira mililita 40, chai ya mchaichai mililita 40, ndimu mililita 10, maji ya tangawizi nusu kijiko cha chai. Koroga, kisha soda wota mililita 120 kwa utaratibu uleule. Ukikaa na glasi hizi mbili mkononi, moja ina tekila na nyingine haina, kwa rangi hutazitofautisha. Kwa hiyo kazini naweka alama: yenye tekila inapata chumvi na pilipili ukingoni, isiyo na tekila haipati. Anayehudumia asikisie.

Kwa futari ya watu 10, changanya kabla ya magharibi shira mililita 400, chai ya mchaichai mililita 400, ndimu 5 zilizokamuliwa na vijiko vitano vya chai vya maji ya tangawizi. Tia kwenye jagi, funika, weka kwenye friji. Soda wota usiitie kwenye jagi. Watu wakishafungua kwa tende na maji, wakishaswali na kurudi mkekani, gawa ule mchanganyiko kwenye glasi zenye barafu mpaka karibu na nusu, kisha pita na chupa ya soda wota iliyotoka kwenye friji dakika hiyo, ukimjazia kila mtu mbele yake, mkubwa kwanza.